Sauti Mbili za Kaaha

Mpendwa mshauri wetu, Eddo Fowsiya,

Assalamu alaykum. Naomba uniazime akili yako kidogo, maana yangu imefika mwisho wake, na nakuita eddo kama wanavyokuita wasomaji wako wote ingawa huenda umri wetu ni mmoja, mimi nina miaka arobaini na saba na shangazi wa kweli wa kumwendea kwa jambo kama hili sina. Naitwa Rage, ni dalali katika soko la mifugo hapa Garissa, na usijisumbue kuficha majina yetu kwa sababu ukiandika tu "dalali mwenye mashine mbili kichwani" mji mzima utajua ni nani.

Nianzie pale nilipopoteza masikio. Miaka kumi na miwili iliyopita nilishikwa na kifua kikuu kile sugu kisichosikia vidonge vya kawaida, nikachomwa sindano kwa miezi minane, daktari alikuwa ameniambia wazi kwamba sindano hizo zinaweza kuponya mapafu na kuharibu masikio, nikakubali kwa kuwa mtu asiyepumua masikio ya nini, na ndivyo ilivyokuwa, kifua kilipona na masikio yakaenda, kwanza ndege, kisha simu, kisha adhana, na mwisho kabisa sauti ya mke wangu Kaaha, wakati huo ana miaka ishirini na minane, sauti ambayo niliisikia mara ya mwisho akiniuliza kama chai imekolea sukari.

Watu walidhani kazi yangu imekwisha, lakini wewe unalijua soko letu, bei ya ng'ombe haitangazwi kwa mdomo, dalali na mnunuzi wanashikana mikono chini ya kitambaa na kuzungumza kwa vidole, na vidole vyangu havikuwahi kuwa viziwi. Kwa hiyo nilibaki sokoni, tena nilishamiri, na kwa mambo mengine yote Kaaha ndiye aliyekuwa masikio yangu, benki, hospitali, shule ya binti yetu Hani, mazishi, harusi, alikuwa akiniandikia katika daftari za shule, na kwa maneno mafupi nilisoma midomo yake. Hapa eddo nakuomba usome polepole kwa sababu ndicho kiini cha shida yangu. Kila midomo yake ilipotembea, mimi nilimsikia. Si kwa masikio, kichwani. Sauti yake ile niliyoizoea, nzito kidogo kwa mwanamke, yenye mkwaruzo mdogo mwishoni kama mtu aliyeamka sasa hivi, ilikuja yenyewe ikakaa juu ya midomo, na sikuwahi kumwambia, lakini miaka yote hiyo mke wangu alizungumza nami bila mimi kusikia chochote.

Mwaka juzi Mungu akafungua mlango. Kulikuwa na mpango wa madaktari wageni katika hospitali moja ya Nairobi, ndugu wakasaidia, nikapasuliwa sikio la kulia nikatiwa kipandikizi, yaani uzi mwembamba sana unaoingia ndani kabisa pale mshipa wa kusikia unapoanzia, na kwa nje unavaa kifaa nyuma ya sikio chenye kisahani kinachojinata kichwani kwa sumaku, kifaa kinanasa sauti, uzi unaupelekea mshipa umeme, na akili ndiyo inayotakiwa kuelewa kilichosemwa. Wiki nne baadaye tulirudi ili kiwashwe. Kaaha alimwomba yule dada mtaalamu wa kusikia kwamba neno la kwanza nitakalosikia liwe lake. Mashine ikawashwa. Nikaona midomo ya Kaaha ikitaja jina langu, na nilichosikia, eddo, ni ti-ti-ti kama lori linalorudi nyuma.

Wote walikuwa wakinitazama. Kaaha alikuwa ameweka viganja viwili mdomoni, mwanamke huyu hakutoa chozi mbele za watu hata siku tulipomzika baba yake. Nikasema, "Nakusikia. Sauti yako ni ileile."

Akalia mpaka yule mtaalamu akatoka kutupisha. Huo ndio uongo wangu, nimeulea kwa zaidi ya mwaka, na umenenepa.

Sikio la kulia lilianza kujifunza polepole. Mwezi wa kwanza watu wote walikuwa na sauti moja, Kaaha, dada yangu Samsam, askari wa kizuizi cha barabarani, imamu, wote kama redio ndogo iliyotumbukia ndani ya jerikani. Mvua juu ya mabati nilidhani ni mtu anakaanga. Nilikimbia jikoni nikamkuta Kaaha anakunja mfuko wa plastiki, ile kelele yake nilidhani nyumba inaungua. Nilishangaa kwamba ndala zangu zinapiga kelele, na kwamba friji haina hata dakika moja ya kunyamaza. Baadaye maneno yakaanza kuachana, nikatenga "sita" na "shika", nikaweza kuzungumza na mtu mmoja chumbani bila kumtazama mdomo, nikaongea kwa simu na Hani aliyeko chuoni dakika nne nzima na nikaelewa karibu kila kitu. Lakini sokoni nilikuwa nazama, ng'ombe mia tano na watu elfu walikuwa ukuta mmoja wa kelele, na kwa sikio moja unasikia sauti ila hujui imetoka wapi. Siku moja mwenzangu Yarrow alinipigia ukelele nisogee, mimi nikageukia upande usio wake, dume likanipitia ubavuni na kunichania kikoi. Ndipo wataalamu waliposema niongezwe la kushoto, masikio mawili yanasaidiana kujua upande na kutoa mtu mmoja katikati ya kelele.

Sasa ni miezi mitatu tangu la kushoto liwashwe, na ndiyo miezi iliyoniharibia nyumba. Kushoto kila kitu ni chembamba na cha juu. Kulia Kaaha alikuwa ameanza kufanana na mtu, hata kama si yeye, lakini kushoto ni kifaranga, na nikivaa zote mbili mke wangu mmoja ananisemesha kwa sauti mbili kwa pamoja, kama wake wenza wanaogombania mlango, na hakuna hata mmoja kati yao ninayemjua. Na balaa kubwa ni hili, ile sauti yake niliyoitunza kichwani miaka kumi imeanza kufifia. Midomo yake ikitembea siku hizi haiji tena, mashine zinawahi kabla yake.

Alasiri moja nilirudi kutoka sokoni nikakaa sebuleni nimeuelekea ukuta, kichwa kimechoka kama nimebeba magunia. Samsam alikuwa kwetu wiki ile. Nikasikia sauti ya kike nyuma yangu kwa Kisomali, "Umechoka leo?" Nikajua ni Samsam. Sikugeuka. Nikasema, "Samsam, nimechoka na kusikia kwenyewe. Hasa Kaaha. Sikio moja linanipa bati, lingine linanipa kifaranga, na mimi namkumbuka Kaaha wangu wa kweli. Kuna siku natamani anyamaze, atikise midomo tu, nimsikie kama zamani."

Nikageuka. Alikuwa Kaaha, ameshika chupa ya chai.

"Samsam ameenda dukani," alisema, na sentensi hiyo, eddo, niliisikia kila neno.

Aliweka chupa mezani taratibu akaenda chumbani, akarudi na daftari ambalo hatukulifungua kwa mwaka mzima, akaandika, "Sitakuchosha tena. Kumbe siku ile Nairobi ulinidanganya." Siku tatu alinisemesha kwa kalamu. Siku ya nne akasema, yaani akaandika, kwamba anakwenda Kutulo kumwona mama yake anayeumwa magoti, na leo ni siku ya kumi na tisa, simu yangu hapokei, anamjibu Hani peke yake.

Shemeji yangu Guled, ndugu yake Kaaha, anasema nitume wazee watatu wenye heshima wakaniombee radhi. Yarrow anasema nivue mashine zote mbili nimwendee kama nilivyokuwa, atajua nimemchagua yeye. Na mimi nakuungamia wewe kwamba la kushoto nimelifungia kabatini tangu aondoke, na la kulia pia kuna saa nalivua, kwa sababu katika ukimya nina mke wangu kamili na katika kusikia nina mwanamke mgeni. Nifanye nini? Nivue? Nitume wazee? Au nimwambie sauti yake sasa ni nzuri, niongeze uongo juu ya uongo nipate kumrudisha? Na nikisema ukweli, nauanzia wapi?

Ni mimi, Rage, dalali, Garissa.

*

Walaal, ndugu yangu Rage,

Wa alaykum salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, ya pili nilitafuta fimbo.

Kwanza mambo ya masikio, kwa sababu umeyachanganya na mambo ya ndoa na ndipo ulipopotea. Mimi si daktari, kwa hiyo nilimpigia mtaalamu wa kusikia nikamsomea sehemu yako bila jina. Hakushangaa hata kidogo. Alisema sikio zima lina maelfu ya vinyweleo vidogo vya kupokea sauti, na ule uzi wako unafanya kazi yao kwa vituo vichache tu. Maneno yanapita vizuri, lakini ule urembo unaotofautisha sauti ya mtu na mtu unapita kwa shida. Ndiyo maana mkeo na dada yako wanafanana, na ndiyo maana nyimbo zitakusumbua kuliko mazungumzo. Mtu aliyesikia zaidi ya nusu ya maisha yake ana kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo inagombana na sauti mpya kwa muda. Kisha akili inazoea, kwa wengi, kwa kadiri tofauti. Hawezi kukuahidi kwamba sauti ile ya zamani itarudi kama ilivyokuwa, na mimi sikuahidi.

La kushoto lina miezi mitatu. Unalilinganisha na la kulia lenye mwaka na zaidi, unalitukana, halafu unalifungia kabatini. Wewe ni mtu wa mifugo, niambie, ndama ukimfungia ndani kwa sababu hatembei sawasawa, atajifunzia wapi kutembea? Kila siku unayoliacha kabatini ni siku unayoirefusha shida yako kwa mkono wako mwenyewe. Litoe leo. Si kesho baada ya kufikiri.

Sasa uongo wako. Najua kwa nini uliusema. Ulimwona mwanamke amesubiri miaka kumi, ukaona huwezi kumpa ti-ti-ti. Ilikuwa zawadi. Lakini angalia ilichokugharimu. Kwa kuwa aliamini umeshamsikia, Kaaha aliendelea kukusemesha kwa haraka, kutoka jikoni, bomba likiwa wazi, akiwa nyuma yako. Angejua ukweli angekaa mbele yako kila siku akufundishe sauti yake neno kwa neno, kama alivyokuandikia daftari kwa daftari. Ulimfukuza kazi mwalimu aliye bora kuliko wote, na hukumwambia kwamba amefukuzwa.

Na ile kauli yako, "Kaaha wangu wa kweli". Hapo, walaal, ndipo ulipomchoma. Bati na kifaranga angevicheka. Lakini umemwambia kwamba mwanamke wa kweli ni yule wa zamani, na huyu aliyeshika chupa ya chai ni wa bandia. Yule unayemkumbuka alikuwa na miaka ishirini na minane. Huyu ana thelathini na tisa, amemzika baba, amelea binti mpaka chuo, amepaza sauti kwenye madirisha ya benki na hospitali kwa ajili ya watu wawili. Hata ungekuwa na masikio uliyozaliwa nayo, sauti yake leo isingekuwa ile. Usiilaumu mashine kwa kazi iliyofanywa na miaka.

Kuna jambo lingine ambalo barua yako nzima haikulifikiria, na ndilo lililonifanya nitafute fimbo. Marehemu baba mkwe wangu kule Sangailu alipata uziwi uzeeni. Sauti yake ilibadilika. Mtu asiyejisikia hajui anapaza kiasi gani, hajui sauti yake inapanda wapi na inashuka wapi. Mzee alikuwa anazungumza kama anaita ngamia, sauti moja tu, kavu, hata akikuomba maji. Mama mkwe hakumwambia mpaka mzee anaingia kaburini. Sasa nikuulize wewe: miaka kumi ile, sauti yako ilikuwaje? Unajua? Ulimuuliza? Wewe ulibaki na sauti ya mkeo ndani ya kichwa, safi, haina vumbi. Yeye sauti yako ilimpotea akiwa anasikiliza, akaishi na ile mpya bila kusema neno. Kabla hujamlilia mtu sauti uliyoikosa, muulize yeye alikosa nini.

Basi sikiliza utakachofanya.

Wazee usitume. Wazee ni wa ugomvi ulioshinda watu wawili kuzungumza, na nyinyi hamjazungumza bado. Wewe ulimsema mke wako kwa mke wako ukidhani ni dada yako, wazee watatu watalishika jambo hilo kwa upande gani? Nenda Kutulo mwenyewe. Ushauri wa Yarrow ni mtamu, lakini ukienda umevua mashine utakuwa umemwambia kwamba hutaki kumsikia. Vaa zote mbili.

Ukifika, anza na Nairobi. Mwambie, "Siku ile nilisikia mlio tu. Nilikudanganya kwa sababu sikuweza kuuona uso wako ukianguka." Kisha mwambie sauti yake ilivyo sasa, bila kuipamba, na umwambie unataka kujifunza hii ya leo. Usimwombe ile ya zamani. Halafu funga mdomo, washa masikio hayo uliyochangiwa na ndugu, na umsikilize yeye.

Kuhusu mazoezi, yafanye hata kama bado amenuna. Saa moja kila siku, la kushoto peke yake, chumba chenye zulia na mapazia, televisheni imezimwa. Anza na kitu unachokijua kwa moyo, sura fupi za mwisho zikisomwa na msomaji mmoja, msahafu uko mbele yako, ili akili ijue kinachokuja na kazi yake iwe kuoanisha tu. Kisha mtu akusomee ukimtazama, kisha akiwa amefunika mdomo. Akiwa Kaaha ni heri, asipotaka usimlazimishe, Samsam yupo. Na rudi kwa mtaalamu wako akurekebishie la kushoto. Nakujua, usinibishie, ulipoulizwa linasikika vipi ulisema "sawa tu" kama wanaume wote wa soko. Sema "kifaranga". Sema "bati". Hawezi kurekebisha "sawa tu".

Nyumbani wekeni sheria: anayesema nyuma ya Rage ataje jina lake kwanza. "Ni Samsam, umechoka?" Basi. Sheria ya maneno mawili, na ingekuokolea siku kumi na tisa.

Swali lako la kuvua nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo lenye jibu fupi. Usivue. Unasema katika ukimya ulikuwa na mke wako kamili. Mke wako hakuwamo humo, Rage. Alikuwa nje, ameshika kalamu.

Eddo Fowsiya

*

Wasomaji wangu, majibu haya nilimtumia Rage kwa simu kabla hayajaingia gazetini, kwa sababu mke aliyekwenda kwa mama yake hasubiri toleo la Ijumaa. Mwezi mmoja baadaye alinitumia ujumbe huu, naye amenipa ruhusa niuweke kama ulivyo.

Eddo, niko Kutulo. Nilitoa la kushoto kabatini siku ileile nikavaa zote mbili, nikapanda basi la kaskazini, kichwa kikavuma njia nzima mpaka Wajir.

Nilimkuta Kaaha zizini na mama yake wakiangalia mbuzi mgonjwa. Mama mkwe akanisalimu kwa nyuma, nami nikamjibu, "Kaaha, nimekuja tuongee." Kikongwe akacheka mpaka akashika mti wa zizi. Si mwanzo niliokuwa nimeupanga. Kaaha hakucheka, lakini alimwachia mama yake yule mbuzi, akanifuata kivulini.

Nilisema maneno ya Nairobi kama ulivyoniandikia. Alisikiliza ameinama. Kisha akauliza, kwa mdomo, si kwa kalamu, "Na sasa hivi, nasikika vipi?"

Nilitafuta pa kukimbilia, sikupaona. Nikasema, "Kulia, kama mtu aliye ndani ya tangi tupu la maji. Kushoto, bado ni kifaranga."

"Jogoo au tembe?"

Nikamwambia sijafika huko bado. Ndipo akacheka, na kicheko chake, eddo, ni kitu cha kwanza ambacho masikio yote mawili yalikubaliana juu yake.

Kisha nikamuuliza lile swali lako, na nikajuta na kushukuru kwa pamoja. Alisema nilikuwa nazungumza kama mtu aliye ng'ambo ya Tana. Alisema benki niliwahi kumwuliza siri ya nyumba mpaka mlinzi akageuka. Alisema Hani alipokuwa mdogo alidhani siku zote nimekasirika. Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayetua mzigo. Nikamuuliza alichokikosa zaidi.

"Kunong'ona," akasema. "Kiziwi hawezi kunong'ona. Zamani ulikuwa ukininong'oneza mambo ya kipuuzi watu wakiwa wamejaa nyumbani. Miaka kumi hujaninong'oneza."

Sikujua kama ni kitu kinachoweza kupotea.

Kaaha hajarudi Garissa bado, kwa sababu magoti ya mama yake yanauma kweli, na mimi nimeliacha soko kwa Yarrow kwa muda. Nitapita Nairobi mwezi ujao kurekebishwa, na nimeshaandika "kifaranga" kwenye karatasi nisije nikasema sawa tu. Kila siku baada ya alasiri ananisomesha, la kushoto peke yake, maneno kumi, shali mdomoni. Ni mwalimu mkali. Siku ya kwanza nilipata mawili, jana nilipata saba. "Mbuzi" na "mbuyu" bado zinanipiga chenga. Sauti yake si ile ya zamani na nimeacha kuitafuta humo. Lakini juzi alipokuwa anakataa jibu langu nilisikia, upande wa kulia, mkwaruzo mdogo mwishoni mwa neno "hapana". Sikumwambia. Huu si uongo eddo, nataka tu niusikie tena kwanza nihakikishe.

Jana tulipomaliza maneno kumi aliniambia nivae na la kulia, nimsogelee, nimnong'oneze kitu chochote. Siku hizi najisikia mwenyewe ninavyosema, kwa hiyo nilijua ninachojaribu kufanya. Nikamsogelea sikioni nikasema.

Akasema mbuzi wote wamesikia. Nikajaribu tena, chini kidogo.